Wanagenzi wa Edward Tingatinga

Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Omari Amonde, Simon Mpata. Hao ndio waliokaa na Edward Saidi Tingatinga wakamwangalia anavyochora. Ukiwatafuta vitabuni utawakuta wamebanwa katika sentensi moja, wamepangwa kwa koma, halafu mwandishi anakimbilia mambo yanayomvutia zaidi: twiga, rangi, watalii, soko la Japani. Leo tubaki kwanza kwenye sentensi hiyo.

Mwalimu wao alianza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 alikuwa kaburini. Aliuawa Dar es Salaam kwa risasi ya polisi, waliomdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Katikati ya miaka hiyo miwili ndimo ilimojaa kazi yake yote, pamoja na ndoa yake, watoto wake wawili na ualimu wake. Aliyemwahi mapema kuliko wote hakupata naye zaidi ya miaka minne. Waliochelewa walipata pungufu ya hapo.

Tukisikia habari za mtu aliyempata mwalimu wake mwishoni, tunamwona mzee kibarazani, mvi kichwani, na kijana miguuni pake anayeuliza haraka haraka kwa sababu wote wawili wanajua jua linazama. Hapo mwanafunzi hujipanga. Huandika, hurekodi, hukariri, na mzee naye huchagua la kumwachia. Wanagenzi wa Edward walinyimwa nafasi hiyo. Walikutana naye mwishoni mwa maisha yake bila yeyote kati yao, wala yeye mwenyewe, kujua kwamba ni mwishoni. Mwanamume ambaye hajafika miaka 40, mwenye mke kijana na mtoto mchanga haachi wosia. Somo gumu anaweza kulisogeza mpaka wiki ijayo, na mwanafunzi akaona sawa.

Edward alizaliwa mwaka 1932 katika familia ya wakulima, kwenye kijiji ambacho leo kinaitwa Nakapanya, Tunduru, kusini kabisa, ambako ukivuka Ruvuma umeingia Msumbiji. Katika miaka ya 1950 alipita njia iliyokanyagwa na vijana wengi wa kusini: akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, enzi za manamba. Kutoka Tanga akaingia Dar es Salaam na kupata kazi ya uboi katika nyumba ya Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 kazi ile ikaisha, na Edward akabaki na vibarua vya mjini: ujenzi, kuuza matunda na mboga, lolote litakalopatikana kutwa ile. Mpaka hapo maisha yake hayana tofauti na ya maelfu ya watu wa bara na kusini waliojazana Msasani na vitongoji vingine vya jiji. Nasema hivi makusudi. Wapo wanaopenda kumpa utoto wa ajabu, kana kwamba mtu hawezi kuwa mkubwa bila kuzaliwa na alama.

Alitoa wapi hamu ya kuchora? Simulizi moja inasema aliona picha za Wakongo zikiuzwa Dar es Salaam, zikipendwa na wageni, akajiambia kwamba na yeye anaweza. Nyingine inamrudisha kijijini, kwenye kuta za nyumba za udongo za watu wa kusini, ambazo zilichorwa wanyama na mapambo tangu kabla yake. Wasomi wamebishana sana juu ya jambo hili. Mimi sioni kwa nini mtu mmoja asibebe yote mawili: ukuta wa nyumbani kichwani, na picha ya Mkongo machoni inayompa wazo kwamba kumbe kitu hiki kinauzika.

Vifaa vyake vilikuwa vya fundi wa nyumba. Alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba wa kupigia dari, uliokatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili. Rangi ilikuwa ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli. Na hapa ndipo ninapoona chanzo cha ualimu wake, kuliko katika ukarimu wake au maono yake, ambayo hatuna namna ya kuyapima.

Rangi ya mafuta ina tabia zake. Inang'aa, inafunika kabisa kilicho chini, na haipendi kuchanganywa juu ya ubao. Ukitaka kuifanya kama rangi za wachoraji wa Ulaya, kuivuta polepole kutoka giza kwenda mwanga, inakuharibikia. Inachokubali ni tabaka juu ya tabaka. Unapaka usuli wa rangi moja, unasubiri ukauke. Unaweka mwili wa mnyama, unasubiri. Unazungusha mstari wa ukingo, unasubiri. Ndipo unapokuja na madoa ya chui, moja moja, kwa ncha ya brashi. Katika hewa ya pwani yenye unyevu, kusubiri huko si kwa dakika chache. Kwa hiyo anayetaka kula kwa kazi hii hawezi kuwa na ubao mmoja. Lazima awe nao kadhaa, huu unakauka, ule unapakwa, mwingine unangoja madoa. Mbao zikiwa nyingi mikono miwili haitoshi. Ndugu aliyekuja kutoka kusini kutafuta kazi, anayelala kwako na kula kwako, anapewa brashi akajaze usuli.

Ndivyo mafunzo yalivyokuwa, na mpaka leo mwanagenzi wa Tingatinga huanza hivyo hivyo: apake usuli wa picha za mwingine, ajaze miili iliyochorwa na mwingine, mpaka siku mkono wake utakapoaminiwa kuchora mstari. Hakuna mhadhara. Anayefundisha hasemi sana, na anayefundishwa haulizi sana, kwa sababu wote wana kazi ya kumaliza. Sita wale, wengi wao ndugu na watu wa nyumbani kwake, waliingia hivyo. Sidhani kama yeyote kati yao alijiita mwanafunzi wa sanaa. Walikuwa wanasaidia nyumba ipate kula.

Soko lilikuwa karibu. Oysterbay walikaa wageni, mabalozi, wataalamu wa misaada, wengine kutoka nchi za Skandinavia zilizokuwa karibu sana na Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Wakienda kununua mahitaji yao kwenye maduka ya Morogoro Stores, picha zilikuwa nje zinawasubiri. Agatha Mataka, aliyeolewa na Edward mwaka 1970, ni mmoja wa waliozisimamia na kuziuza. Jina la Agatha halimo katika orodha ya wale sita, na nadhani ni upungufu. Anayejua mteja anasimama mbele ya picha ipi, na anaipita ipi bila kuitazama, ana elimu ambayo mchoraji aliyeinamia ubao wake hana. Baadaye kampuni ya serikali, National Arts of Tanzania, nayo ikaanza kununua kazi za Edward. Wakati huo alikuwa na kazi pia katika Hospitali ya Muhimbili, ya kuwasaidia wauguzi. Mwenye mshahara Muhimbili hakuwa mwalimu wa kutwa nzima. Wanagenzi wake walimpata kwa vipande.

Alichora nini? Mara nyingi mnyama mmoja: chui, simba, fisi, nyati, ndege. Mnyama amejaa ubao mzima, amesimama upande, jicho limefumbuka linakutazama wewe. Nyuma yake rangi moja, labda na kijiti au majani machache. Ukizitazama picha zake baada ya kuzoea zile zinazouzwa leo, unashtuka kwa uchache wa vitu. Hana haraka ya kujaza. Chui wake yuko peke yake kwenye uwazi mkubwa wa njano au wa buluu, na uwazi ule umeachwa uwe hivyo.

Halafu risasi. Juu ya tukio lenyewe sina la kuongeza, na sipendi namna linavyotumiwa kuipa picha thamani, kama kwamba damu ni sehemu ya rangi.

Wale sita walibaki na nguo iliyokwisha kukatwa, fundi wa kushona hayupo. Wangeweza kutawanyika. Vijana wengi wa mjini walikuwa na vibarua vya kurudia, na ufundi wa miaka minne haujawa mzizi. Wangeweza pia kuendelea kila mtu kwa jina lake na mtindo wake. Walichofanya ni kukaa pamoja wakaendelea kwa jina la marehemu. Ndugu zake wengine wakajiunga, na kundi likaja kujulikana kwa Kiingereza kama Tingatinga Partnership. Mwaka 1990 likawa chama cha ushirika kilichosajiliwa, Tingatinga Arts Co-operative Society, na makao yake yakawa Oysterbay, palepale jirani na maduka ambako Agatha alikuwa akiuza. Kati ya kifo chake na usajili huo ni miaka 18. Ni zaidi ya mara nne ya muda ambao mwalimu mwenyewe alishika brashi.

Inafaa hapa kuvuka ziwa kidogo, twende Lubumbashi, mji mwingine wa Kiswahili, ambao wakati huo uliitwa Élisabethville. Huko mwaka 1946 Mfaransa mmoja aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Akawapokea vijana, miongoni mwao Pilipili Mulongoya, Mwenze Kibwanga na Bela, huyu wa mwisho akichora kwa ncha za vidole. Aliwakataza kuiga Ulaya, akawataka wachore wanachokiona na kukikumbuka wao. Ndege wa Pilipili, samaki na nyoka waliojaa madoadoa na vistari, ungeweza kuwatundika karibu na kazi za Oysterbay na mgeni asishangae. Romain-Desfossés naye hakudumu. Alifariki mwaka 1954, na wanafunzi wake wakachukuliwa na chuo cha sanaa cha mji ule. Tofauti iko hapo. Vijana wa Lubumbashi mwalimu alipoondoka walikuwa na taasisi ya kuwapokea, yenye walimu na majengo. Wa Msasani walikuwa na mbao zilizokatwa, mteja anayepita, na undugu wao.

Na undugu ulifanya kazi ambayo chuo kisingeifanya. Chuoni mwanafunzi huambiwa aje na chake. Katika karakana ya ndugu hudaiwa kwanza ajue cha wenzake, aweze kumalizia picha iliyoachwa nusu na mtu mwingine bila mshono kuonekana. Lakini undugu una mipaka yake pia. Mlango unaofunguliwa kwa kumjua mtu hufungwa kwa kutomjua mtu, na kijana mwenye kipaji kutoka Kagera au Mara asingekuwa na pa kupitia kirahisi. Kwa miaka mingi ufundi huu ulibaki mikononi mwa watu wa kusini, na walioufikia kutoka kwingine walifika kwa kuzunguka.

Simon Mpata yeye aliondoka. Alikuwa ndugu wa Edward, akahamia Kenya na kuchorea Nairobi, akafariki mwaka 1984. Wajapani walimpenda kupita kiasi. Hoteli ya safari huko Maasai Mara iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa Japani ilipewa jina lake, Mpata Safari Club. Sijui mwanagenzi mwingine wa Afrika Mashariki aliyepewa hoteli. Ukilinganisha chui wake na wa mwalimu wake unaona kwamba yeye ndiye aliyebaki karibu zaidi na ule uwazi: mnyama mmoja, usuli mmoja. Aliyekwenda mbali ndiye aliyebadilika kidogo. Waliobaki nyumbani, palepale, ndio waliobadilisha kila kitu.

Kwani baada ya 1972 uwazi ulianza kujaa. Chui akaongezewa mti, mti ukaongezewa ndege, ndege wakaongezewa maua, maua yakatiwa madoa, mpaka katika baadhi ya picha hakuna mahali pa kuweka ukucha. Wakaja wachoraji wa kizazi cha pili wakaingiza watu: soko, hospitali, mganga na wateja wake, harusi, mashetani. Mohamed Charinda akaingiza historia, biashara ya watumwa na maisha chini ya wakoloni, katika rangi zile zile za furaha, na ni vigumu kusimama mbele ya picha hizo bila kusumbuka, kwa sababu rangi inakwambia jambo moja na tukio linakwambia jingine. Edward hakufundisha hilo. Hakuwa na muda wa kulifundisha, na huenda hata asingelitaka.

Ubao nao ulibadilika. Mtalii anayepanda ndege hapendi kubeba mraba wa hadibodi usiokunjika, basi picha zikahamia kwenye kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu, ambacho kikikauka huviringishwa na kuingia kwenye sanduku. Rangi ikabaki ile ile.

Walalamikaji hawakosekani. Wanasema kinachouzwa leo ni nakala ya nakala: twiga watatu, Kilimanjaro nyuma, jua linatua, na picha hiyo hiyo iko kwenye kila duka kuanzia Mwenge mpaka Shangani, Zanzibar. Kwa twiga na Kilimanjaro nakubaliana nao; nimeona nyingi mno, na nyingi zimechorwa na mtu aliyechoka. Lakini lawama ya kunakili naikataa. Kunakili ndilo lililokuwa darasa. Mtu aliyempata mwalimu kwa miaka miwili, akafiwa, angemkumbuka kwa njia gani nyingine? Hakuachiwa kitabu wala sauti kwenye kanda. Aliachiwa mkono uliozoea kufuata mstari fulani wa mgongo wa chui. Kuurudia mstari ule mara mia ndiko kulikokuwa kumtunza, na katika kurudia huko ndimo kila mmoja alimokuja kuujua mkono wake mwenyewe, pale mstari ulipokataa kutoka sawa.

Kuna wizi wa kweli, na huo ni jambo jingine. Edward alitia saini E. S. Tingatinga. Kazi zake zilipopanda bei huko ng'ambo, mbao zenye saini hiyo zikaanza kuonekana ambazo yeye hakuzigusa. Mnunuzi anababaika, mnadani wanaulizana, na wanaoweza kutofautisha kwa jicho, waliokaa naye ubavuni, wanazidi kupungua.

Swali la saini lilimfika hata George Lilanga, msanii mwingine mkubwa wa kusini, ambaye wageni humweka kapu moja na Tingatinga ingawa njia zao zilikuwa mbili. Lilanga, Mmakonde wa Masasi, alitokea Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, na watu wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotuna hawafanani na chui wa mtu yeyote. Kisukari kilipomdhoofisha miaka yake ya mwisho, vijana walimzunguka wakawa mikono yake, mpaka alipofariki mwaka 2005. Hao ndio waliompata mwalimu mwishoni na wakajua. Nao wakaachiwa ugomvi wa aina yao: picha iliyofikiriwa na mzee na kupakwa rangi na kijana ni ya nani? Soko la Ulaya linataka jibu la jina moja. Karakana za kwetu, tangu za uchongaji wa Kimakonde mpaka za ushonaji, hazijawahi kuuliza swali hilo kwa namna hiyo. Fundi mkuu ana jina, vijana wana ujira, na siku moja kijana anafungua kibanda chake.

Watoto wa Edward nao tusiwaache nje. Baba yao alioa mwaka 1970 na kufa mwaka 1972, kwa hiyo waliishi naye wakiwa wachanga. Mwanawe Daudi amekuwa mchoraji. Alipofika umri wa kushika brashi, mstari wa baba yake ulikuwa umehifadhiwa katika mikono ya watu wengine, na wao ndio waliokuwa na kitu cha kumwonyesha. Anapotia saini Tingatinga chini ya picha anaandika jina la ukoo wake. Mwenzake akiuza picha kama hiyo dukani Shangani anaiita tingatinga kwa maana ya aina ya picha. Mtalii hasikii tofauti, na bei ni ya kuelewana.

Mwaka 2010 watoto wa Uingereza waliamka wakaona mfululizo wa katuni uitwao Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama wa Afrika, wenye madoa na rangi za kung'aa. Ulitengenezwa kwa sehemu kubwa Nairobi, katika studio za Homeboyz. Tembo anatembea, sikio linapepea, na madoa yake yanatembea naye. Sijui ni mzazi gani aliyemweleza mwanawe kwamba madoa yale yalianza kwa sababu rangi ya baiskeli haichanganyiki juu ya hadibodi.

Pale Oysterbay siku za kazi wachoraji wamekaa chini au kwenye vigoda vifupi, makopo ya rangi yamefunguliwa, harufu ya mafuta ya taa na tapentaini imetawala. Picha za watu tofauti zimeegemezwa zinakauka pamoja. Mara nyingi utamkuta kijana pembeni anayejaza usuli. Ukimuuliza amejifunza kwa nani, atakutajia baba mdogo, mjomba au kaka, na ukiufuata ukoo huo wa brashi nyuma hatua mbili au tatu unaangukia kwenye moja ya yale majina sita. Tatizo ni kwamba wengi hawaendi nyuma zaidi ya hatua ya kwanza. Chama kina wachoraji wengi na kina maduka, lakini orodha ya nani alimfundisha nani iko vichwani mwa watu, na watu hao wamezeeka. Mtafiti yeyote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwenye daftari na nauli ya daladala anaweza kuianza kazi hiyo Jumatatu.